Injini ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sifichi, na hata nikitaka kuficha, mke wangu yupo, atawaambia. Spana ikiniteleza nitaitupa nje ya gereji, kisha nitoke kuitafuta kwenye nyasi huku nikiilaani. Lakini injini iliyofunguliwa mezani, ikiwa safi, kila chuma mahali pake, hiyo ilinituliza. Mbele yake nilikuwa mpole kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Mke wangu alikuwa akisema laiti angezaliwa pistoni, naye angepata bahati ya kusemeshwa vizuri.

Kazi hii niliisomea Homa Bay, kwenye gereji moja ya mabati karibu na gati, miaka ile Uhuru ulipokuwa bado mpya. Hapo ndipo nilipomwona huyu mke wangu kwa mara ya kwanza. Alikuja na pikapu ya mama yake, amekaa juu ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, ananuka samaki kuanzia kichwani hadi miguuni, na aliponiuliza kwa nini ninamkodolea macho nikainamia spana zangu. Mimi Mkuria wa Kegonga, mtoto wa ng'ombe. Yeye Mjaluo wa Muhuru Bay, mtoto wa ziwa. Hakujua neno la Kikuria, na Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia ndizi tu. Basi tukapendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na hadi leo nyumbani kwetu ndicho tunachokitumia.

Mama yake alikuwa mjane. Pikapu hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, na ndiyo iliyomlisha. Alinunua omena ufuoni, akazianika, akazitia magunia, na mwanawe wa kiume akazipeleka kwa gari hadi Ndhiwa na Homa Bay. Tuliposema tunataka kuoana hakukataa. Aliuliza neno moja tu, "Mkuria?" Halafu akanyamaza. Ng'ombe wakapelekwa, harusi ikafanyika, na yule mama akaendelea kunyamaza. Kimya hicho kilinisumbua kuliko matusi. Matusi ningeyajibu.

Nisimwonee, kwa maana kunyamaza kwenyewe kulikuwa na ruhusa. Kwa Wajaluo, na hata kwetu Wakuria, mama mkwe na mume wa binti yake hukaa mbalimbali kwa heshima. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Huingii nyumbani mwake ukajitandaza kitini. Mkikutana njiani wewe unampisha, naye anakupisha, mpaka nyote wawili mnajikuta vichakani na njia iko tupu. Neno la lazima hupitia kwa mtu wa katikati, na mtu wetu wa katikati alikuwa mke wangu. Yule mama aliniita ora, yaani mkwe, lakini aliliambia sikio la mtu mwingine, si langu. Kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua kama ananyamaza kwa heshima au kwa sababu hanitaki.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Migori na kufungua gereji yangu mwenyewe, ndogo, paa bila ukuta. Ndipo habari zikaja kwamba pikapu ya mama imeanza kugonga tumboni, ko, ko, ko, na safari ya mwisho ilirudi ikivutwa. Watu wa ufuoni wote wakamshauri aipeleke Kisumu, kwenye gereji kubwa, kwa mafundi wenye mashine. Hata mwanawe alisema hivyo. Mama akasikiliza, akamaliza kupepeta omena zake, akauliza, "Kwani ora wangu anafanya kazi gani?"

Mke wangu aliniletea maneno hayo akiwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikasimama peke yangu nyuma ya gereji. Nilifurahi, na nikaogopa, yote mawili kwa wakati mmoja, kwa sababu nilijua mwanamke huyo amenipa nini. Hakuwa na pikapu nyingine wala njia nyingine ya kupata chakula.

Tuliing'oa injini kule kule nyumbani kwake, ikaletwa Migori juu ya lori la samaki. Nilipoifungua nikaona ubaya wake. Ndani ya injini kuna krenki, ule mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, na krenki huzunguka juu ya vipande vyembamba laini tunavyoviita metali. Metali zilikuwa zimekwisha na krenki imekwaruzwa. Niliipeleka Kisumu kusagwa, na yule mzee wa Kihindi mwenye mashine akaniambia wazi: hii ni saga ya mwisho, chuma hakina nyama tena. Metali za saizi hiyo alikuwa nazo seti moja tu. Zikiungua hizi, akasema, injini hii ni ya kufungia mbuzi.

Nikaijenga taratibu. Sitasimulia kila nati. Lakini kuna jambo moja ambalo lazima mlielewe, la sivyo hamtaelewa kwa nini nusura nimpige shemeji yangu, yule kaka wa mke wangu. Kati ya krenki na metali hakuna kitu ila utando wa oili. Injini iliyozoea kazi ina oili kila mshipa, hata ikilala wiki nzima. Iliyojengwa upya ni kavu. Ukiiwasha hivyo hivyo itanguruma vizuri, watu watapiga makofi, na huku ndani metali zinaungua. Ndiyo maana kabla ya kuiwasha mara ya kwanza unainywesha. Mwalimu wangu wa Homa Bay aliita hivyo, kuinywesha, nami mtoto wa wafugaji nililipenda neno hilo. Unatoa plagi ili izunguke bila kushika moto, unaizungusha kwa hendeli, ule mkono wa chuma wa mbele, na unatazama geji ya oili pale mbele ya dereva. Mshale ukipanda, oili imefika. Usipopanda, ole wako ukigusa kitufe cha stata.

Sasa, pampu inayoivuta hiyo oili iko chini kabisa tumboni, na pampu kavu haina nguvu, meno yake yanatafuna hewa. Fundi huijaza mafuta mazito kabla ya kuifunga, iwe na cha kushika mizunguko ya kwanza. Mimi nilikuwa natumia mafuta ya mgando, yale ya kupaka watoto. Nilipokuwa karibu kufunga pampu, mama yangu mzazi akashuka kutoka Kegonga na kibuyu cha samli, zawadi ya wakwe. Akaniona na kopo langu la mafuta, akaniuliza ninafanya nini, nikamweleza.

"Unawawekea wakwe mafuta ya dukani?" akasema. "Hawa watasafiri na hili gari. Weka kitu cha ng'ombe wetu ndani yake."

"Mama, hii ni injini, si ugali."

"Kwani injini haili?"

Nikataka kubisha. Lakini ilikuwa asubuhi ya baridi, na samli ile aliyoitoa mlimani ilikuwa ngumu, unaikata kwa kisu. Nikaichukua kidogo kwa kidole, nikaisugua. Safi, nzito, haina mchanga. Nikajiambia, mbona inafaa! Na tena, kusema kweli, wazo lake lilinigusa. Nikaijaza pampu samli ya ng'ombe wa baba yangu, nikaifunga, nikajisikia nimefanya jambo kubwa.

Tukafika Muhuru Bay na injini Alhamisi, alasiri. Mimi nilikuja na ovaroli yangu tayari kwa kazi. Wee! Nani ataruhusu mkwe ashike spana kabla hajapokewa? Nikavuliwa ovaroli, nikaambiwa niketi kwenye nyumba ya shemeji na shati jeupe. Kuku akachinjwa. Kesho yake asubuhi vijana wa ufuoni waliibeba injini kwa miti ile ya kusukumia mitumbwi, tukaishusha mahali pake, tukaifunga, nikaona sasa tunamaliza. Mara kuku mwingine. Nikala nikiwa nimeuma meno. Niliporudi kwenye gari jua lilikuwa limeinama, na shemeji akaanza kukusanya spana zangu moja moja na kuzifuta.

"Unafanya nini?"

"Sabato inaingia, shemeji."

Nyumba nzima ile ilikuwa ya watu wa Sabato. Jua likizama Ijumaa hakuna kazi, na likizama Jumamosi ni giza, nani ataanza kuzungusha hendeli gizani? Nilimwambia mke wangu maneno fulani kuhusu siku na kuku, naye akawageukia ndugu zake akatafsiri, "Anasema anashukuru kwa chakula." Jumamosi nzima nilikaa kanisani na lile shati. Pikapu ilisimama wazi karibu na ufuo, boneti jeusi, jua la ziwani linachoma mpaka nzi wanatafuta kivuli. Niliimba nyimbo zote. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, mjinga mimi.

Jumapili asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Watu walianza kuja mapema, wauza samaki, wavuvi waliotoka majini, wale wale waliosema gari liende Kisumu. Mama mkwe alibaki ndani, mlango umeegeshwa, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala chini ya gari miguu nje, na hiyo si hali ya kutazamwa na mama mkwe. Nilitoa plagi. Mke wangu akaingia kwenye kiti cha dereva kutazama mshale. Shemeji, kijana mwenye mabega, akashika hendeli.

"Zungusha."

Akazungusha. Injini ikazunguka laini, bila plagi haina ubishi, shwa, shwa, shwa.

"Mshale?"

"Bado," mke wangu akasema.

"Zungusha."

"Bado."

Shemeji akavua shati. Akazungusha tena mpaka jasho likamdondoka kidevuni. Nikaja mwenyewe nikazungusha. Nikafungua kifuniko cha juu nitazame kama oili imetokea huko: kukavu. Watu wakaanza kunong'ona. Nilijua Kijaluo cha kutosha kulisikia neno Kisumu.

Shemeji akajifuta uso. "Shemeji, hebu tuiwashe tu. Ikizunguka kwa kasi oili itapanda yenyewe."

"Haiwashwi."

"Dakika moja tu haiwezi kuua."

"Nimesema haiwashwi!"

Akatupa hendeli chini, akazunguka kwenda upande wa dereva, mkono unaelekea stata. Plagi zilikuwa nje, isingewaka, lakini ingezunguka kavu kwa kasi, na tayari tulikuwa tumeizungusha mno. Sasa hapo mori ukanipanda. Nilimwambia mke wangu kwa sauti iliyosikika hadi majini, "Mwambie kaka yako akigusa hicho kitufe nitamvunja huo mkono!"

Mke wangu akamtazama kaka yake, akasema kwa upole, kwa Kijaluo, "Anasema subiri kidogo." Lakini kaka yake Kiswahili alikuwa anakijua vizuri kama mimi. Tukasimama tumetoleana macho. Pembeni mtu mmoja akasema, kwa Kiswahili ili nisikie, kwamba bado kuna lori linakwenda Kisumu kesho.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama mkwe hakutoka. Alisema maneno machache tu kutoka ndani, bila kupaza sauti. Shemeji akautia mkono mfukoni.

"Amesema nini?" nikamuuliza mke wangu.

Kwa mara ya kwanza hakutia sukari wala maji. "Amesema kama itakufa, ife mikononi mwa ora. Hakuna mwingine wa kuigusa."

Hapo hasira zikaniisha kabisa. Nililala tena chini ya gari, si kwa kazi, ila watu wasinione uso. Nikiwa chini hapo nikafungua nati ya kumwagia oili, kidogo, nione ilivyo. Tone likaniangukia kwenye shavu. Nikalinusa. Nikalinusa tena.

Jamani, ilikuwa ni samli.

Nikacheka kama mwendawazimu. Kegonga ni mlimani, asubuhi unavaa koti. Muhuru Bay ni ziwani, samli hukaa kwenye kibuyu kama maji, kila mtoto wa pale anajua. Siku mbili za jua juu ya boneti zilikuwa zimeyeyusha zawadi ya mama yangu yote, ikachuruzika chini, pampu ikabaki tupu. Nilitoka chini ya gari nikamwambia mke wangu. Mke wangu akawaambia watu. Watu wakaangua kicheko, wakaja mmoja mmoja kunusa, na kutoka nyuma ya mlango uliofunguka nusu nikasikia mtu wa ndani naye anacheka, kicheko cha kifuani, cha mwanamke mnene. Ikafuata sauti, na mke wangu akaifikisha huku machozi yakimtoka: "Mama anasema, mwambie ora, kama alitaka kukaanga, jiko liko huku."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Hata kama injini ingekufa siku ile, nadhani kicheko hicho ningekibeba nikarudi nacho Migori.

Lakini haikuwa imekufa, na sasa nilijua ugonjwa wake. Kuitoa pampu maana yake ni kuining'iniza injini upya, na sikuwa na gasketi nyingine ya kuzibia maungio. Njia iliyobaki ilikuwa kuinywesha kutoka nje: ubavuni mwa injini kuna bolti inayoziba mshipa mkuu wa oili, ukiitoa na kusukuma oili pale kwa nguvu, itaenda kwenye metali zote na nyingine itarudi nyuma hadi kwenye pampu. Kwa nguvu gani sasa? Nilitazama huku na huku. Nikawaona wavuvi waliotoka majini wakiwa wameshika karabai zao, zile taa za kuvutia omena usiku. Karabai ina tangi, na tangi lina pampu yake ya kujaza upepo.

"Taa," nikasema. "Nahitaji taa moja."

Wavuvi wote wakavuta taa zao nyuma. Nani atakubali oili ya gari iingie kwenye taa ya kazi? Mke wangu akaenda mlangoni, akaongea na mama yake, akarudi na karabai yake mwenyewe, inang'aa, imefungwa kitambaa. "Anasema chukua. Lakini hiyo pampu ina ngozi nyepesi. Mtu asiyeizoea ataichana. Ataipampu yeye."

"Nani?"

"Mama."

Nikatazama mlango, nikatazama gari. Bomba nililokuwa nalo halifiki hata mkono mmoja. Mimi ningekuwa nimeinama kwenye injini nikibana kiungo, na yeye na taa yake pale pale, karibu kuliko mama mkwe na mkwe wowote walivyowahi kukaribiana katika ufuo ule. "Haiwezekani," nikasema.

"Ana leso," mke wangu akasema, na kweli akaja nayo, kanga pana ya kujitanda. Akaitundika kwenye boneti lililoinuliwa, ikashuka hadi kwenye tairi, akabana ncha kwa mawe. Upande huu nikakaa mimi. Upande ule nikasikia hatua, kigoda kikiwekwa chini, na mtu akikaa kwa mguno. Bomba likapita chini ya leso. Tukachemsha oili kidogo motoni ili iwe nyepesi, tukaimimina kwenye tangi, nikafunga kiungo kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na kukibana kwa mikono yote miwili.

"Mwambie mama aanze."

"Mama, anasema uanze." 

Fyu, fyu, fyu. Alikuwa na mkono mtulivu sana. Nikahisi bomba likipata joto vidoleni, oili inapita. Shemeji akaokota hendeli bila kuambiwa, akaanza kuzungusha polepole. Mke wangu akakimbia kwenye kiti cha dereva.

"Bado," akasema. Halafu, "Ngoja. Umetikisika."

"Mwambie mama asiache!"

"Umetikisika! Unapanda! Haki unapanda!"

"Mwambie mama—" Lakini mke wangu alikuwa anapiga makelele kule na hakusikia mtu. Oili moto ilianza kunivujia kwenye kiganja. Nikauma midomo. Ndipo sauti ikaja kutoka upande wa pili wa leso, karibu na sikio langu, kwa Kiswahili cha sokoni, si kwa kupitia mtu: "Ora. Wewe iko sawa? Mimi naongeza?"

"Ongeza, mama," nikasema.

Akaongeza. Juu, pale nilipoacha kifuniko wazi, nikaona oili inachomoza kwenye vyuma vya valvu, kwanza kama jasho, kisha ikafurika, rangi ya asali, safi, ikateremka. Nilipiga yowe. Sijui nilisema nini, na kwa lugha gani.

Tukaondoa taa, nikarudisha bolti, shemeji akazungusha tena kwa hendeli pekee, na mshale ukapanda wenyewe, hauhitaji msaada wa mtu. Pampu ilikuwa imeshika. Nikarudisha plagi, nikasukuma petroli hadi kwenye kabureta, nikatazama mpangilio wa moto tena na tena. Upande wa pili wa leso sikusikia kigoda kikiondolewa. Mama hakuwa amekwenda popote.

"Shemeji," nikamwambia yule kijana, "bonyeza wewe."

Akanitazama, akatabasamu, akapanda, na mke wangu akasogea kiti cha pembeni kumpisha. Stata ikalia, ikakokota, injini ikapiga chafya moja, ikatoa moshi mweupe unaonukia chapati, halafu ikawaka. Ikawaka moja kwa moja! Nikamwonyesha kwa mkono ashikilie mafuta, isilale chini, na nikaweka bisibisi kwenye ubavu wa injini na mpini wake kwenye sikio langu, nisikilize metali. Nilisikiliza ya kwanza, nikasogea, nyingine, nikasogea. Hakuna kugonga wala kukwaruza. Kulikuwa na mngurumo mmoja laini wa vyuma vilivyoshiba.

"Mshale?" nikauliza kwa kupaza sauti.

"Uko juu," mke wangu akasema. "Umetulia." Alikuwa analia.

Mimi pia nilikuwa nalia, na sioni haya kusema. Wanawake wa samaki walikuwa wanapiga vigelegele, mtu mmoja anamsukuma mwenzake akimwambia ayarudie sasa yale maneno yake ya Kisumu. Niliendelea kuinama juu ya injini, nikijifanya nasikiliza.

Ndipo leso ikasogea. Chini ya pindo lake ukatokea mkono, wa mwanamke mzima, vidole vimekakamaa kwa chumvi na magamba, umelowa oili hadi kwenye kifundo. Nikadhani anataka kujifuta. Nikachukua tambara langu safi nikaliweka kwenye kiganja kile. Mkono ukalishika tambara, ukaliacha lianguke chini, ukabaki pale pale, umefunguka, unangoja.

Nikatazama kwenye viti vya mbele vya gari. Mke wangu alikuwa ametoa kichwa dirishani na ameona yote. Akageuza uso haraka, akamwambia kaka yake atazame ziwani, kuna mtumbwi unakuja. Hakukuwa na mtumbwi. Nikaushika ule mkono.